Mbuzi Aliyekula Mbingu

Kinango
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa shangazi yangu, Bi Mwanarusi,

Shikamoo, shangazi, na salamu za amani zikufikie hapo ulipo. Nimekaa kizingitini, karatasi magotini, maana ndani joto halikaliki, na kabla ya yote nataka kujua mgongo wako unaendeleaje na kama ile cherehani bado inakata uzi. Baba nilizungumza naye kwa simu juzi. Alisema goti limepoa, kisha nikamsikia akiguna alipoinuka, kwa hivyo nakuomba ukamwangalie ndugu yako kwa macho yako mwenyewe. Huku sote ni wazima, alhamdulillahi. Maji ya mfereji yametoka mara moja tu tangu nirudi kutoka likizo, tukayakinga hata kwa vikombe. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamenipa jina la utani, na sitakuandikia ni lipi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Twaiba amenipigia simu, na alikuwa analia.

Nilipokukabidhi chama chetu cha picha mwezi wa nne, nilikuambia kazi ni nyepesi. Jumamosi baada ya alasiri watu wanakutana barazani kwa Twaiba, kila mmoja anatundika picha yake kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, na wenzake wanamwambia wanachokiona. Hakuna bingwa pale. Twaiba anauza mahamri, Hesbon ni mhudumu wa hoteli Galu, mimi ni mwalimu wa Jiografia, na wengine unawajua. Ndiyo maana tuliwekeana taratibu. Useme kwanza kilichokuvutia, kisha useme kitu ambacho mwenye picha angeweza kukifanya vizuri zaidi, umalize kwa swali, na useme yote kwa namna ambayo kesho yake atatamani kupiga nyingine. Tena tulikataza kutoa maoni kwenye simu, kwa sababu kule kila picha ilipata mioyo na maua na hakuna aliyejifunza lolote. Picha ya kuambiwa ukweli inachapishwa, inashikwa mkononi.

Twaiba anasema alitundika picha ya mjukuu wake Ikram, na wewe mwenyekiti ukasema mbele ya baraza zima kwamba mtoto anafanana na chura. Ameikunja kamba, ameiingiza ndani, na chama kitafute baraza jingine. Shangazi, chura?

Nakuomba ukamtulize moyo. Unajua kwamba hoteli ya Hesbon imetupatia ukuta wa kutundika picha mwezi wa nane, ule wa njia ya kwendea chumba cha kulia, kila mwanachama picha moja. Chama kikivunjika sasa, ukuta utabaki na rangi yake.

Na mimi nina haja yangu. Nakuletea picha tatu kwa mkono wa Nzai, yule anayeleta nazi soko la huku na kurudi na mbuzi. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka picha yangu moja ikae kwenye ule ukuta, lakini sitaki iwekwe kwa kunihurumia. Zitazame, uniambie kweli. Kama hakuna inayofaa, kamera nitaifungia sandukuni nibaki na chaki yangu, na sitanuna.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao,
Bushra


Msambweni
Jumamosi, 24 Mei 2025

Mwanangu Bushra, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mgongo upo na mimi nipo nao. Cherehani imeacha kukata uzi tangu nilipoipiga kofi. Baba yako nimemwangalia kama ulivyotaka, goti limevimba kama boga, na mafuta ya kuchua anayakataa eti yananuka. Nimempaka kwa nguvu huku akipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini. Sasa anatembea mpaka msikitini na kurudi, na shukrani sijaisikia.

Umeandika kwamba huko sote ni wazima. Sote nani? Unakaa chumba kimoja na kamera. Uniandikie unakula na nani.

Haya, chura. Nikueleze ilivyokuwa, maana umesikia upande mmoja. Siku ile picha ya Twaiba ilikuwa ya mwisho kwenye kamba. Ikram yumo kwenye beseni la kuogea, maji yanaruka, kichwa amekitupa nyuma anacheka kwa yale meno yake mawili, na lile doa la wanja alilopakwa na mama yake lipo kwenye paji la uso. Jua limempata shavuni tu. Watu waliinuka kuitazama. Kisha wakaanza: nzuri, nzuri sana, hatujaona picha kama hii, mtoto mzuri huyu. Hakuna hata mmoja aliyesema mashallah. Hesbon ndiye aliyenimaliza. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akasema, "Mama Twaiba, hii ni moto. Lakini hiyo doti nyeusi kwa uso, si uitoe na simu? Inaharibu."

Anataka kumfuta mtoto wanja wake. Kinga yenyewe ndiyo hiyo, na macho ya baraza zima yamemwelekea. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni, "Picha gani hii, mtoto kama chura."

Nililisema kama mama yangu alivyosema ulipozaliwa wewe. Watu walikuja kukutazama, nawe ulikuwa na nywele mpaka shingoni na macho kama umechorwa, na mama akawa anawaambia, "Kajitu kabaya haka, msikaangalie." Wakiondoka anakubeba na kulia kwa furaha. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Kitu ukikipenda mno mbele za watu unakikashifu, jicho lipite pembeni. Picha ya Twaiba ndiyo bora iliyowahi kupita kwenye kamba ile, na ndiyo sababu niliitukana. Nilidhani anaelewa. Kumbe aliniangalia kama mwenyekiti.

Sasa picha zako. Nimezitazama mchana, nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Ni nzuri. Zote tatu ni nzuri, mashallah. Ile ya barabara ni nzuri. Ile ya tangi la maji tupu ni nzuri, tangi linaonekana kabisa. Ile ya kilima nayo ni nzuri, rangi zimekaa. Hongera, mwanangu. Sina la kuongeza.

Nzai atakuletea kanga na ubani kidogo. Usiufungie ubani, uchome.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Kinango
Jumapili, 1 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kanga imefika na ubani umefika, na jioni hii chumba kinanukia kama kwetu. Baba ameniambia kwamba umemwonea na mafuta yako. Nilimwambia aendelee kuonewa. Huku mahindi ya watu yamekauka yakiwa na urefu wa goti, na mvua tunaiona kwa mbali tu.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka nikafuta macho, hasa kajitu kabaya. Nikafurahi na kwa picha zangu pia. Nzuri, nzuri, nzuri. Nikaikunja nikaingia darasani. Katikati ya kipindi, nachora mito ubaoni, chaki ikanisimama mkononi. Kitu ukikipenda mno unakikashifu. Zangu hukuzikashifu hata kidogo. Ulizisifia kama mtu anavyomsifia mgeni aliyemletea keki iliyoungua. Tangi linaonekana kabisa! Hilo ndilo unaloweza kusema juu ya tangi?

Imeniuma, na nakuambia wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutoficha mambo. Nilikuomba ukweli ukanipa adabu.

Kuhusu Twaiba, nakuelewa, na yeye pia angekuelewa kama ungelisema jikoni kwake, mkiwa mnachambua mchele. Umelisema kwenye kiti cha mwenyekiti, mahali ambapo tuliahidiana kwamba tutasema tunachokiona. Mtu akipiga picha anaileta huku anatetemeka, shangazi, hata kama anajifanya hajali. Kama unaogopa jicho, sema mashallah, tena kwa sauti, iwe ndiyo taratibu ya kwanza kabla ya zote. Dua inatosha, haina haja ya chura. Ukishaisema, basi mwambie mwenzio kweli yake. Na Hesbon aelezwe kwa upole lile doa ni la nini, hajakulia kwetu.

Nakuletea picha nyingine, kubwa kuliko zile. Nilipanda kilimani nyuma ya shule nikangoja karibu mchana kutwa. Ni ardhi yote ya Kinango na mbingu yake, mawingu yamejipanga mpaka mwisho wa macho, na kule mbali mvua inanyeshea watu wengine. Nadhani ndiyo bora niliyowahi kupiga, na ndiyo ninayoitaka ukutani. Safari hii usinipe nzuri. Nipe kosa.

Idd sitakuja. Nina karatasi za mtihani za kusahihisha, rundo limefika kidevuni. Nisalimie wote, mnikumbuke kwenye pilau.

Mwanao,
Bushra


Msambweni
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Bushra,

Marahaba, na Idd mubarak iliyolala, maana mbichi hukutaka kuja kuila. Tulichinja, tukala, tukagawa. Sahani yako niliipakua kwa mazoea, baba yako akaila, akasema si vizuri kuiacha ikae inatutazama. Karatasi za mtihani husahihishwa hata Msambweni, meza tunayo. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwa Twaiba nilikwenda siku ya pili ya Idd na mkate wa sinia kichwani. Nikamwambia mbele ya Ikram na mbele ya mama yake Ikram, "Ile picha ni nzuri, mashallah, tabarakallah. Niliogopa." Alinitazama, akanitazama tena, akasema, "Bi Mwanarusi, mie nimeshinda siku zote hizi nikimwangalia mwanangu kama kweli ana macho ya chura." Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikakaa, tukaumaliza mkate wote. Kamba imerudi barazani. Taratibu yako mpya imeingia. Hesbon ameishika kupita wote, sasa anasema mashallah kwa kila kitu, hata taa ya baraza ilipowaka alisema. Jana alisimama mbele ya picha ya mwenzake akasema, "Mashallah. Nimependa vile huyu mzee ameshika wavu. Lakini hii kona iko na giza, ungemgeuza aangalie mlango. Ulimwambia asimame hapo ama alisimama mwenyewe?" Mwenye picha akaitikia kwa kichwa, akaenda zake anafikiri. Mimi kiti hiki nimekikalia tangu mwezi wa nne na sijawahi kusema vizuri hivyo.

Sasa jambo lako. Bahasha ilifika siku moja kabla ya Idd. Kuchelewa kujibu ni kwangu mwenyewe, usimlaumu Nzai kwa hilo, ingawa yapo mengine ya kumlaumu. Gari lake liliharibika Mackinnon Road, alikokwenda kuongeza mbuzi wa sikukuu. Kiti cha mbele alikuwa amejaza abiria, na bahasha yako akaichomeka nyuma, na nyuma ndiko walikokuwa mbuzi. Aliponikabidhi alitumia mikono miwili, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

Mbuzi mmoja mwenye mabaka ameila picha yako.

Si yote. Alianzia juu. Amekula mbingu, Bushra. Amekula mawingu yaliyojipanga na mvua ya watu wengine na vilima vyote vya nyuma, akaacha ukanda wa chini, upana wa kiganja changu. Barua aliilamba tu, akaona haina ladha.

Nilitaka kulia kwa niaba yako. Nikauweka ule ukanda juu ya meza ya cherehani nikaunyoosha, na hapo ndipo nikaona kuna mtu. Chini kabisa, upande wa kulia, mwanamke ametua mtungi wa maji, mkono kiunoni, ameinua uso anatazama juu ulikosimama. Anacheka. Nadhani anakucheka wewe, mtu mzima uliyepanda kilima na kamera kwenye jua lile. Ni mdogo kama ukucha. Picha ingekuwa nzima nisingemwona abadan, na sidhani kama wewe ulimwona.

Umeniomba kosa. Nitakupa kwa taratibu zako.

Kilichonivutia ni kwamba mkono wako hautetemeki, mistari yako imenyooka kama ya fundi mzuri, na unajua kuungoja mwanga. Hilo ni kweli, si la keki. Kinachopungua ni watu. Barabara yako haina anayepita. Tangi halina anayekuja kuchota. Kilima hakina hata mchunga mbuzi, na huko mbuzi ndio wengi. Umekaa mji wa watu tangu mwezi wa kwanza, na kwa picha zako mtu angedhani wamehama wote. Unapiga kama abiria aliye dirishani, anayepita tu na kesho hayupo. Sikukuambia mara ya kwanza kwa sababu uliandika kwamba utaifungia kamera, nikaogopa. Tena niliogopa kwa sababu jambo hili si la picha peke yake, na wewe unalijua hilo na hutaki kulisema. Nakupenda, mwanangu, na nina hofu kwamba umekaa kizingitini peke yako unakula mkate mkavu.

Swali langu sasa. Huyu mwanamke ni nani? Na lile la zamani, unakula na nani, bado halijajibiwa.

Ukanda wako naurudisha ndani ya barua hii. Yule mbuzi mwenye mabaka nilimnunua mimi. Tulimla, na hakuwa na ladha ya mbingu.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Kinango
Jumapili, 13 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti la baba na mgongo wako vinapatana. Nimechelewa kwa makusudi. Nilinuna, ingawa niliahidi kwamba sitanuna. Niliisoma barua yako nikaitia kamera sandukuni kweli, nikaweka nguo juu yake. Nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia Nzai, nikawakasirikia mbuzi wote wa soko la Kinango, na hao wanapita dirishani kwangu kila wiki.

Kilichonikera zaidi ni swali lako la huyu mwanamke ni nani. Mwanamke yule namjua. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu. Napita mlangoni pake kila asubuhi na kila jioni tangu mwezi wa kwanza, hujambo, sijambo, na jina lake sikulijua.

Basi jioni moja nikautia ukanda mfukoni nikapiga hodi. Nikamwonyesha. Akaupeleka mlangoni penye mwanga, akauinamia, akasema, "Huyu ni mimi?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwalimu, mbona uliniweka mbali hivi? Nina upele?"

Nikamwambia hapana, mama, siku ile nilikuwa napiga mbingu. Akasema, "Mbingu ina shida gani ya picha? Mimi sina hata moja, ila ile ya kitambulisho, na pale nimefanana na mwizi wa kuku." Kisha akaniambia nisisimame mlangoni kama karani, niingie, sima iko tayari.

Anaitwa Kache. Mumewe ni dereva wa lori, mara nyingi hayupo, na watoto wake wawili wako shule ya bweni, kwa hivyo naye alikuwa akipika sufuria kubwa kwa mazoea na kula peke yake. Jibu lako ni hilo. Nakula kwa Kache. Tunakula sima na mboga ya mchunga, siku nyingine maziwa lala, na Ijumaa napika mimi, anasema nazi yangu ni nyingi mno lakini sufuria hairudi na kitu. Mara ya kwanza nilipokwenda na kamera aliniambia niiweke kando nile kwanza. Nikaiweka. Nilikula siku kadhaa pale kabla sijapiga hata moja. Zile za mwanzo alizikataa, akiniambia: Hapa umenifanya bibi kizee. Hapa sufuria imependeza kuliko mimi. Hapa uliniogopa, ndiyo maana umejificha nyuma ya mlango. Hajasikia habari ya taratibu zetu, lakini la kujificha alilipata sawasawa.

Lile la pili, uliloliogopa, nitalisema mwenyewe. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa nakula mkate mkavu kweli, tena wala sikuwa natazama mbingu, nilikuwa natazama ukuta. Na Idd hakukuwa na rundo. Zile karatasi nilizimaliza mapema. Sikuja kwa sababu ulikuwa umeniambia picha zangu ni nzuri, na nilijua nikikaa mbele yako kwenye mkeka utaniona usoni na nitalia kwenye pilau ya watu.

Sasa sijambo. Naandika hivyo na safari hii si adabu.

Nakuletea picha moja tu. Nimeibana katikati ya vibao viwili nikafunga kwa kamba, na Nzai ameapa kwamba itakaa mapajani mwake. Sisemi kitu juu yake. Sijui ni nzuri au ni mbaya, nimeitazama mpaka sioni tena. Kamera haitarudi sandukuni hata ukisema haifai, kwa hivyo usiogope. Lakini ule ukuta bado nautaka.

Mwanao,
Bushra


Msambweni
Jumapili, 27 Julai 2025

Mwanangu Bushra,

Marahaba. Baba yako ameacha fimbo na amerudia kubishana na watu barazani, kwa hivyo amepona. Kila siku ananiuliza shule zinafungwa lini, na kila siku namwambia, na kesho yake anauliza tena. Ikram ameota jino la tatu. Mimi mgongo umeniruhusu kukaa na kukuandikia.

Picha imefika na vibao vyake viwili. Niliifungua peke yangu kwanza, mlango nimeufunga. Sikumwita mtu mpaka nilipojipangusa macho. Jana alasiri nikaipeleka barazani nikaitundika kwenye kamba. Sasa nisikilize vizuri.

Picha gani hii? Kidole cha mguu umekikata. Moshi umemfunika sikio moja. Mwiko umejaa sima, sufuria imeinama, leso imemteleza begani, na amefungua kinywa kwa kicheko mpaka jino la mwisho linahesabika, sijui alikuwa anakwambia nini. Amekaa karibu hivi hata nilirudi nyuma nisimwagiwe. Mtu mzima mzima, na kivuli chako wewe kimeingia ukutani nyuma yake, umekaa chini, sahani mkononi. Sijaona kitu kama hiki. Kajipicha kabaya haka.

Twaiba alinishika mkono. Wengine wote walianza na mashallah, kwa sauti, kama msikitini, na Hesbon akatafuta kosa akalikosa, akauliza kama Kache ameshaiona mwenyewe. Baba yako alikuja akasimama mbele ya kamba mpaka adhana ya magharibi. Aliuliza jambo moja tu, "Huyu ndiye anayemlisha mwanangu?" Nikamwambia ndiye. Akasema ukija uje naye, atachinja kuku.

Itakaa katikati ya ukuta wa Galu, Ikram upande wake wa kulia. Wageni watapita pale asubuhi na jioni wakienda kula, watasimama, watakodoa macho, na wengi wao hawajui mtu aseme nini mbele ya kitu kama kile. Kwa hivyo leo asubuhi, kabla Hesbon hajaja kuichukua kuitia kwenye fremu, niliigeuza juu ya meza ya cherehani. Nikaishika kwenye mwanga nione paji la uso la Kache linaangukia wapi, nikachukua kijiti cha wanja wangu, nikaitia doa kwa nyuma, pale pale.

Kwa mbele halionekani. Usimwambie Hesbon.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanarusi